Koki Nyekundu na Kambare wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo, muda mfupi baada ya chai, mbele ya Injinia, waashi wawili na mbwa mmoja asiye na mwenyewe, nimekabidhiwa koki.

Si koki ya jikoni. Koki kubwa ya chuma, nyekundu, inayofunguliwa kwa ufunguo mrefu kama mkono wangu. Nimeubeba begani mchana kutwa. Mwashi mmoja akauliza eti vita imetangazwa wapi. Sikumjibu. Wenye madaraka hawajibu ovyo.

Maelezo mafupi, kwa atakayeliokota daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa. Tunajenga jengo refu, na jengo refu huanza kwa kuchimba shimo. Shimo letu limejaa maji. Mengine yametoka ardhini, mengine ni ya mvua, mengine ya kuoshea mashine za zege. Yakishachanganyika na saruji yanakuwa makali: yanachubua ngozi, na samaki akikutana nayo hana muda wa kuaga. Kwa hiyo hayaachiwi hivi hivi. Pampu inayavuta hadi tanki la kwanza, yatulie, tope likae chini. Tanki la pili yanatiwa dawa ya uchachu, ukali upungue. Tanki la tatu yanapimwa kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Yakifaulu, koki inafunguliwa, yanaingia mtaroni na kwenda zake.

Ijumaa anakuja Mkaguzi wa mazingira. Jumamosi zege la chini linamwagwa. Shimo liwe kavu.

Kwa nini mimi, mtunza stoo? Injinia alisema mimi ndiye mtu pekee hapa kazini mwenye muda. Nimeipokea kama sifa. Tena akaongeza kwamba atakayelikausha shimo hili salama atavikwa kofia nyeupe, ya wasimamizi. Yangu ni ya bluu na ina ufa. Mvua ikinyesha inanyesha na ndani.

Akanifundisha na vijikaratasi. Akasisitiza sana: nisifungue koki mpaka rangi ikolee. Alitaja na rangi yenyewe, lakini wakati huo nilikuwa naujaribu ufunguo.

Dosari ni moja tu. Pampu iko mikononi mwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu wa kwetu ana kimya tu. Naye anaitaka kofia. Hajasema, lakini nimemwona akiitazama.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe amekuja nyumbani kabla hatujanywa chai. Ana bwawa la kambare kule bondeni, alilichimba na marehemu baba mkwe kwa majembe mawili na ugomvi mwingi. Bwawa hilo linakunywa kutoka kwenye mtaro. Mtaro ni ule ule wa koki yangu.

Amekwisha kusikia. Mji huu hauna siri. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Akakaa kwenye kiti changu. Akasema yeye hana maneno mengi. Akayasema yote. La mwisho ndilo lililonikaa: "Mkwe wangu, samaki hawa ndio wanaoniweka kule. Wakifa, sitabaki kutazama shimo lenye maji. Nitahamia kwenu."

Alisema kwa upole. Mama mkwe akisema kwa upole, hata sufuria hukaa wima.

Ijulikane kwamba nampenda na kumheshimu. Lakini mwaka jana alikuja kumuuguza mke wangu mguu, kwa wiki moja. Aliamka kabla ya jogoo. Alifagia chini ya kitanda nikiwa bado juu yake. Alihamisha kabati, nikagongana nalo siku tatu mfululizo. Aliniita "mtoto" mbele ya watoto, na watoto wakaanza kunipangia saa ya kulala. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Hesabu haikubali.

Nikamwapia kwamba kambare wake wataogelea kwenye maji safi kuliko ya kunywa. Mke wangu akanitazama. Ananifahamu kwa miaka ishirini na mbili. Macho yake yamekuwa na kazi kubwa.

Kazini. Tanki la kwanza limejaa. Maji ya kijivu, mazito kama uji wa mgonjwa. Shemeji akasema yaachwe mpaka kesho yatulie. Mpaka kesho! Huyo ni mtu anayetaka nichelewe. Nikatafakari. Kikombe cha chai ukikikoroga kwa kijiko, majani hukusanyika katikati na kwenda chini. Nimeliona jambo hili maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kulitumia kwa faida ya umma.

Kesho nitayakoroga.

Jumatano, 11 Juni

Nimeyakoroga.

Nilitumia mti mrefu wa kujengea jukwaa, nikiwa juu ya ngazi. Nilizunguka kwa upande wa kulia. Halafu kwa upande wa kushoto, kwa ajili ya haki. Tope lililokuwa limelala chini usiku kucha likaamka lote kwa pamoja, kama wanafunzi kengele ikilia.

Shemeji akaja, akatazama tankini, akanitazama mimi. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nayasaidia yatulie. Kisha akasema: "Shemeji, kwa heshima zote, hata mtoto humbembelezi kwa kumtikisa hivyo."

Waashi wamecheka mpaka mmoja akaweka mwiko chini. Nimemwandika kichwani.

Nilitelemka kwenye ngazi kwa hadhi. Ngazi ya chini kabisa haikuwepo. Nimekaa kwenye tope kwa dakika kadhaa, nikijifanya nakagua msingi.

Jioni maji yalitulia yenyewe, bila mtu kuyagusa. Shemeji alipita tu karibu nami akipiga mluzi. Kuna miluzi ya matusi.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu! Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia unawasha, lakini hayo ni madogo.

Injinia ameshinda kutwa kwenye kikao huko makao makuu, simu kaizima. Uwanja wangu. Nikaingia stoo kuchukua dawa ya tanki la pili.

Niseme kidogo kuhusu stoo yangu. Watu huwa wanaibeza. Lakini mimi ni mtu wa mpangilio. Kila gunia na kila debe nimeliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa. Dawa ya mchwa nimeandika DAWA. Dawa ya mbao, DAWA. Dawa ya kutu, DAWA. Shemeji aliwahi kuuliza eti dawa ya nini. Nikamwambia ya kazi yake.

Mlikuwa na magunia mawili ya unga mweupe, yote DAWA. Moja lilikuwa pembeni, limechakaa. Jingine jipya, limenona, karibu na mlango. Mtu mwenye akili huchukua la karibu na mlango. Nikambebesha kibarua, nikasimamia mwenyewe. Kikombe kimoja, nikakoroga kidogo (kidogo!). Cha pili. Cha tatu.

Na maji yakaanza kujitenga. Mabonge madogo madogo yakashuka chini kama theluji kwenye picha za kalenda, na juu pakabaki maji maangavu! Nililiona tanki mpaka chini, nikaona spana iliyopotea tangu Januari. Waashi wakaja kutazama. Yule wa mwiko akavua kofia. Mmoja akasema haya maji mtu anaweza kuyauza kwenye chupa. Nikamsamehe wa mwiko.

Nikachovya kijikaratasi. Kikawa bluu. Nikakumbuka: mpaka rangi ikolee. Nikaongeza vikombe. Bluu iliyokolea. Nikaongeza. Zambarau! Zambarau nzito, ya kifalme, kama pazia la ukumbi wa harusi. Imekolea hiyo. Mke wangu mchuzi wake haujawahi kukolea hivyo, na nitamwambia siku nikiwa mbali.

Ili kuwaondolea watu shaka, nikanawa mikono na uso hadharani. Maji laini ajabu! Vidole vinateleza kama nimeshika sabuni. Nikawaambia: huo utelezi ndio ubora wenyewe.

Shemeji akaja na kijikaratasi kile kile, amekishika kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Akasema rangi hii siyo. Nikamuuliza imekolea au haijakolea. Akasema imekolea, lakini. Nikamwambia hapo hapo pa "lakini" ndipo wivu unapoishi. Akauliza nimetia nini. Nikamwambia dawa. Akasema dawa ipi. Nikamwambia asinichoshe, asome gunia.

Akaenda akasoma. Akarudi akifuta unga vidoleni, akaomba nisiifungue koki mpaka Injinia arudi. Nikamwambia kesho, mbele ya Mkaguzi, nitaifungua kwa mkono wangu huu. Akautazama mkono. Ulikuwa umeanza kubabuka.

Macho pia yanawasha. Mke wangu amenipa maji ya bomba ninawe, mara nyingi. Kauliza nimenawa nini kazini. Nimemwambia mafanikio.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ndefu. Nitaandika kwa ufupi na kwa ukweli wote unaohitajika.

Mkaguzi alikuja asubuhi. Mama mmoja mrefu, mpole, viatu safi, mkoba wa vijikaratasi vyake mwenyewe. Injinia alikuwa amesimama kando yake, amejipaka manukato ya kikao. Nikaona huu ndio wakati. Sikungoja hotuba. Nikatia ufunguo, nikazungusha koki, na maji maangavu yakaruka mtaroni yakimeta kwenye jua. Nilihisi kama nimezaa.

Injinia akapiga makofi. Aliona maji kwa macho tu, kama watu wote.

Mkaguzi hakupiga. Aliinama, akachovya kijikaratasi chake, akakitazama, akakitazama tena, kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ya daktari: "Baba, umetia nini humu?"

Nikasema dawa.

Akasema dawa ipi.

Watu hawa wote wamezaliwa na swali moja.

Gunia likaletwa. Injinia akaligeuza upande ambao mimi sikuwa nimeuandika, kwa kuwa ulikuwa tayari umeandikwa kiwandani. Akasoma kwa sauti. Chokaa. Chokaa ya kupaka kuta. Mkaguzi akaeleza, bila kugombeza, na hilo ndilo lililouma: kwamba saruji imeyafanya maji kuwa makali, na mimi nimeyaongezea ukali juu ya ukali. Kwamba chokaa hukamata tope na kulishusha, ndiyo maana maji yameng'aa hivyo. Yameng'aa na ni sumu. Kwamba zambarau ni mwisho wa ubaya, na iliyotakiwa kukolea ni kijani.

Kijani! Ndiyo rangi aliyoitaja Injinia Jumatatu. Sasa nilikumbuka vizuri sana.

Injinia akapiga kelele koki ifungwe. Ikafungwa. Lakini mengi yalikwisha toka, na mtaro unateremka.

Hapo mwili wangu ukakumbuka jambo kabla ya akili. Miguu ikaanza kukimbia. Mimi ni mtu wa umri wa makamo, nina kitambi cha heshima, na nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira. Nilikimbia kuelekea bondeni nikifuata njia ya mkato, si ya mtaro, ili niyatangulie maji. Watoto wa shule walinishangilia. Mwanamke mmoja alitoka nje na ndoo, akidhani kuna moto.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya bwawa, akitupa chakula. Kambare wakija juu na kushuka, wanene, sharubu nje, kila mmoja kama mwenyekiti wa kikao. Wako hai wote. Nimewahi!

Kumwambia kweli? Kwamba maji ya mkwewe ndiyo yanayokuja kuwaua? Hapana. Nikamwambia kuna ugonjwa wa samaki, umetangazwa, unashuka na mtaro, wavuliwe wote sasa hivi, hata mmoja asibaki. Akanitazama kitambo. Nilitarajia maswali. Hakuuliza hata moja. Akaingia ndani, akatoka na nyavu mbili.

Tumevua mpaka alasiri. Nimeanguka majini zaidi ya mara moja. Kambare mmoja alinizaba kofi la mkia ambalo bado nalisikia. Majirani walikuja na mabeseni na kununua; waliobaki nikawapelekea mafundi.

Kwa hiyo, kwa kumbukumbu: leo nimewaokoa samaki wa mama mkwe wasife. Wamekufa, ndiyo, lakini si kwa sumu.

Jumamosi, 14 Juni

Zege halikumwagwa. Shimo limejaa kuliko lilivyokuwa Jumatatu.

Nilidhani nimesoma vibaya, nikatazama tena. Limejaa. Nikauliza maji yametoka wapi. Injinia akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema nimuulize shemeji yangu.

Habari ni hii. Jana alfajiri, kabla mtu hajafika, shemeji alishuka mtaroni na mifuko ya mchanga, akauziba mahali unapopinda nyuma ya karakana, akachimba mfereji mdogo unaorudi shimoni. Kila tone nililoliachia kwa fahari lilikwenda hatua chache, likakuta ukuta, likageuka, likarudi nyumbani. Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki. Shemeji ameyazoa.

Bondeni halikufika hata la kulowesha unyayo.

Nikaketi juu ya tofali. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia Alhamisi, nikamwambia ana wivu. Nikasema angeniambia mara ya pili. Akajibu: "Shemeji, wewe ukishashika ufunguo, masikio unayaacha stoo."

Mkaguzi hakutufungia. Aliandika kwamba maji hayajatoka nje ya eneo, na kwamba yatibiwe upya kwa dawa ya uchachu, kidogo kidogo, na mtu anayezijua rangi. Wametoa lile gunia lililochakaa lililokuwa pembeni. Kumbe ndilo. Injinia amenituma niandike upya kila kitu stoo, kwa jina kamili. Nimeshinda siku nzima nikiandika DAWA YA. Ni kazi ngumu. Mengine sikumbuki.

Kofia nyeupe kavikwa shemeji. Haimkai. Ana kichwa kirefu kama nanasi. Nimempa mkono wa pongezi, wa kushoto. Waashi walipiga makofi. Yule wa mwiko alipiga kwa nguvu isiyo ya lazima.

Nilirudi nyumbani nikijituliza kwa wazo moja: mama mkwe hajui. Anaamini ugonjwa wa samaki. Atanunua vifaranga wengine, ataanza upya, maisha yataendelea huko huko bondeni.

Mlangoni palikuwa na masanduku mawili, godoro limefungwa kamba, na nyavu.

Kabati limekwisha hamishwa. Nimegongana nalo nikiingia.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiri sana kama niandike au nisiandike. Daftari ni langu. Nikilidanganya hili nitabaki na nani? Haya. Yaliyotokea kweli ni haya.

Asubuhi niliamka nikasikia kicheko jikoni. Mama mkwe na mke wangu walikuwa wakimenya vitunguu, wanacheka mpaka mmoja anamshika mwenzake bega. Nikasimama nyuma ya pazia. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimesimama tu, na masikio yalikuwepo.

Mama mkwe alikuwa anahadithia nilivyoshuka mlimani na mabuti. Akaniigiza. Aliniigiza vizuri, siwezi kukataa, hasa pumzi. Kisha akasema: "Na mimi nimekaa zangu, mwanangu alishanipigia simu asubuhi, mama usiwe na wasiwasi, mtaro nimeuziba, hakuna maji yatakayofika kwako. Namwona mkwe anakuja mbio, nikajua anakuja na uongo. Nikasema ngoja niusikie ni upi."

Mke wangu akauliza kwa nini basi alikubali kuvua. Samaki wazima, hawana neno!

Kisu kikaendelea kidogo, kikasimama.

Akasema tangu marehemu aondoke amekuwa akiwalisha wale samaki huku akizungumza nao. Na kwamba mwezi uliopita alijikuta anamgombeza mmoja kwa jina la marehemu. Akasema mtu hawezi kuamka tu na kuwaambia wanawe, njooni mnichukue, nimechoka kukaa peke yangu. Ataonekana mzigo. Lakini mkwe akija mwenyewe kwa miguu yake, anahema, anaomba bwawa livuliwe lote! "Mungu akupe nini tena? Nikaingia ndani nikachukua nyavu kabla hajabadili mawazo."

Wakacheka tena. Mmoja wao alikuwa pia analia, lakini vitunguu vilikuwepo, na mimi sikuwa nasikiliza.

Kwa hiyo, kweli yote: sikuokoa samaki yeyote. Hawakuwa hatarini hata kidogo. Aliyewaokoa ni shemeji, kwa mifuko ya mchanga, bila neno. Aliyewamaliza ni mimi, kwa wavu, nikiwa na nia njema na uongo mbaya. Na Jumanne, mama mkwe alipokaa kwenye kiti changu na kusema atahamia kwetu, mimi nilisikia kitisho. Alikuwa anaomba.

Nilitoka nyuma ya pazia. Nikamsalimia, shikamoo mama. Akaitikia, marahaba, kisha akanisogezea kikombe cha chai na kusema nikae, mtoto, nimechelewa kuamka. Nikakaa. Chai ilikuwa nzuri kuliko ya siku zote. Sitasema hilo kwa sauti, kuna mtu jikoni ningemuudhi.

Mchana wote nyumba ilikuwa na kelele nzuri. Watoto wamehamia miguuni kwake. Hata mimi nimecheka mara mbili. Nilijiambia: umepata somo, bwana. Kaa utulie. Mambo yakiachwa hutulia yenyewe.

Nilitulia mpaka saa kumi jioni.

Kwani hebu tufikiri. Kelele ni nzuri, lakini vyumba ni viwili. Na yule shemeji, msimamizi sasa, kofia nyeupe, mshahara umepanda, anaishi peke yake. Angekuwa na mke, angekuwa na nyumba kubwa. Angekuwa na nyumba kubwa, mama angekuwa na pa kwenda kutembea, tuseme, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ni jambo la heri kwa kila mtu. Nimemuuliza mlinzi wa getini kwa ujanja, na inaonekana yule Mkaguzi hajaolewa.

Nimekwisha mpigia shemeji, nikamwambia Mkaguzi alimuulizia sana. Hakumuulizia. Nimemwandikia Mkaguzi ujumbe, nikamwambia msimamizi wetu mpya hapati usingizi kwa ajili ya yale maji na angependa kuelekezwa zaidi, ikiwezekana wakiwa wameketi. Shemeji analala kama gogo. Lakini huo si uongo, ni kutangulia mbele ya mambo.

Wanakutana Jumatano, kando ya tanki la tatu. Nitakuwa nyuma ya karakana, endapo watahitaji msaada.